Picha za Asubuhi

Kimbunga kilipita alfajiri, na kulipopambazuka vizuri Chiriku akampigia dada yake simu huku anacheka. Alisema upepo ulilia usiku kucha kama mtu aliyefiwa, ukang'oa mabati ya jikoni, ukawaletea uani banda zima la kuku la jirani, na kuku wenyewe wamo ndani, wamepigwa na butwaa. Mama yao, alisema, ameshaanza kunung'unika kwamba redio iliwatia watu kiwewe bure. Umeme ulikuwa umekatika na miti imelala barabarani, lakini watoto wazima, mama mzima, na mumewe yuko juu ya paa na nyundo yake anarudisha mabati.

"Tumeponea chupuchupu, dada," alisema. "Lakini tumepona."

Dada mtu akashusha pumzi aliyoibana tangu juzi. Yeye aliishi mji mwingine, huko juu milimani, safari ya siku nzima kwa basi, na duka lake la kufulia nguo lilijulikana kiasi kwamba jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaani. Wateja walimwita Dobi, majirani walimwita Dobi, hata mumewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Aliyemwita dada alikuwa mmoja tu, huyo mdogo wake, ambaye naye jina la Chiriku alipewa na marehemu baba yao akiwa hajaanza hata shule, kwa sababu akifungua mdomo hakuna wa kuufunga.

Kazi ilikuwa nyingi siku hiyo. Kulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni yaliyotakiwa jioni, makoti meupe ya wauguzi, na suti moja ya bwana harusi yenye doa la mafuta begani. Madoa na mashine vilikuwa vya Dobi. Pasi ilikuwa ya msaidizi wake, pande la mtu la miraba minne ambalo watu, kwa utani, waliliita Kidogo. Kidogo ndiye aliyeweka televisheni juu ya rafu ya sabuni ili asipitwe na mpira, na kila mvuke ulipopanda kutoka mezani kwake alikuwa akikifuta kioo kwa kiwiko, macho yasibanduke.

Mchana, Dobi akiwa ameinamia lile doa, alimsikia Kidogo akiiweka pasi kisahanini pake taratibu mno.

"Dobi, hebu njoo. Si kwenu huku?"

Kwenye kioo kulikuwa na maji. Hayakuwa na mawimbi wala haraka, maji ya rangi ya udongo yaliyotulia baina ya mapaa kana kwamba yamekuwapo siku zote. Mtangazaji alikuwa akieleza kwamba mvua ya kimbunga, iliyomwagika huko juu kwenye vyanzo vya mto, ndiyo sasa imefika mjini, na tuta limepasuka.

Dobi alilijua tuta lile. Mji wao ulikaa kama bakuli, bahari upande huu, mto upande ule, na katikati ya mto na nyumba za watu palikuwa na kilima kirefu cha udongo kilichojengwa zamani kuuzuia mto. Yeye na Chiriku waliteleza juu yake utotoni kwa vipande vya maboksi mpaka wakatoboa magauni. Lakini mji aliokuwa akiuona sasa hakuutambua. Alizaliwa pale, alikulia pale, ila hakuwahi kuutazama kutoka juu kama ndege. Alitafuta mtaa wao asiuone, mpaka helikopta ilipogeuka na kuonyesha nguzo za taa za uwanja wa mpira. Kutoka hapo akahesabu mitaa kwa kidole, kioo kikimchoma kwa joto. Kwao palikuwa bado pakavu. Maji yalikuwa sokoni, na yalikuwa yanakuja.

Alipiga simu. Chiriku akapokea na uchangamfu wake wa asubuhi, akaanza kisa cha jirani aliyekuja kuwadai kuku wake kana kwamba wao ndio waliowaiba. Dobi akamkata kauli, akamwambia tuta limepasuka.

 Chiriku akasema kwamba ni kweli, tangu muda wamesikia watu wakipita mbio, wakadhani ni kibaka anafukuzwa. Umeme hakuna, redio imekwisha betri. Walikuwa katikati ya mji unaozama, na mtu wa kuwapa habari hiyo alikuwa amesimama milimani katikati ya sabuni.

Hapo pakawa na mashauriano. Mume wa Chiriku alikuwa seremala, mtu aliyepima maneno kama apimavyo mbao, akikata moja tu pale mwenziwe angekata kumi. Yeye alisema waende ng'ambo ya barabara. Jirani yao mmoja alikuwa akijenga nyumba ya ghorofa. Haina milango wala madirisha, lakini sakafu ya juu imeshamwagwa zege na ngazi ipo. Mama alivunjika nyonga mwaka uliopita na alitembea kwa mkongojo. Kumfikisha pale ilikuwa kazi ya dakika chache.

Dobi alimsikiliza mdogo wake akiyaeleza hayo, huku Kidogo amepunguza sauti ya televisheni ili wasikilizane. Na kwenye kioo, wakati huo huo, likatokea daraja la mto. Watu walikuwa wakivuka kwa utaratibu, vifurushi kichwani, watoto mgongoni, baiskeli zikisukumwa, wakielekea mlimani kwenye chuo cha ualimu. Askari alikuwa akiwaelekeza kwa mkono. Jua lilikuwa linawaka.

"Msiende kwenye hilo gofu," alisema. "Daraja liko wazi. Vukeni mwende chuoni, huko maji hayafiki hata siku ya kiyama."

"Yeye anasema darajani ni mbali, dada. Na mama..."

"Mwambie ambebe. Chiriku, mimi naona. Nyinyi hamuoni."

Alisikia minong'ono, sauti ya mama yake ikisema jambo asilolishika, kisha simu ikabadilisha mikono.

"Una hakika, shemeji?" aliuliza seremala.

"Nina hakika."

"Haya."

Wakaondoka. Chiriku alisema atapiga wakifika.

Dobi aliketi juu ya kapu la mashuka, simu mkononi, na kwa kitambo alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Kidogo ndiye aliyekuwa bado anatazama. Daraja lilionyeshwa tena, watu wale wale, baiskeli zile zile, askari yule yule akiinua mkono ule ule. Kidogo akasogea karibu na kioo. Akaongeza sauti.

Mtangazaji alikuwa akiomba radhi kwa kurudia. Picha hizo, alisema, zilipigwa asubuhi, kabla tuta halijapasuka. Maandishi madogo ya pembeni yalikuwa yakisema hivyo muda wote, Dobi akidhani ni jina la kipindi. Kisha wakaleta picha mpya, na pale palipokuwa na daraja palikuwa na nguzo mbili, moja kila upande, na mto ukipita katikati.

Dobi alipiga simu. Sauti ya mwanamke mpole ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akapiga ya seremala, akaambiwa hivyo hivyo kwa upole ule ule. Kidogo naye akatoa simu yake akapiga, kana kwamba mkono wake mkubwa ungeweza kuzifikia namba hizo pale mkono wa mwenzake uliposhindwa.

Akaingia mteja, bwana harusi mwenyewe, kuchukua suti. Akasimama kutazama akiwa ameegemea kaunta. Alisema watu wale ni wabishi, waliambiwa waondoke tangu juzi, sasa wanataka helikopta. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayezungumzia refa.  Kidogo aliikunja suti, akaitia kwenye mfuko, akazunguka kaunta mwenyewe akampa mkononi.

"Doa limetoka," alimwambia. "Nenda salama, kaka."

Mteja aliutazama uso wa Kidogo, kisha wa Dobi, akaondoka.

Mumewe Dobi, aliyekuwa fundi wa mafriji, alikuja kumchukua kabla duka halijafungwa. Njiani Dobi alimweleza kila kitu, na yeye akamwambia kwamba alisema alichokiona, hakuna mtu angefanya zaidi. Dobi alimjibu kwamba shemeji yake alimuuliza kama ana hakika. Mumewe akamshika mkono.

Siku zilizofuata nyumba yao iligeuka kama ya msiba usio na maiti. Majirani walikuja kumpa pole na wakabaki kutazama. Walileta viti vyao. Walimhurumia kwa dhati, alijua, lakini pia waliona uhondo; helikopta ikimwinua mtu kwa kamba walishangilia kama goli, na Dobi aliinamisha kichwa kwa sababu mtu yule hakuwa wake. Katikati ya mapaa na maji yalikatiza matangazo ya magodoro, mwanamke mwenye meno meupe akilala kwa furaha. Dobi alipokea simu za ndugu wa mbali waliomuuliza yeye habari, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na televisheni. Alitazama mpaka macho yakawa mekundu. Kila mwanamke aliyebeba mtoto alikuwa Chiriku mpaka ageuke. Kila mzee aliyeshikwa mabega alikuwa mama mpaka picha isogezwe karibu. Mumewe alipotaka kuizima ili apumzike kidogo, alimwomba aiache, kwa sauti ambayo mumewe hakuijua, na hakujaribu tena.

Simu ilikuja asubuhi moja kutoka namba ngeni. Dobi alidhani ni mteja.

"Dada," sauti ilisema. "Mama yupo. Watoto wapo."

Dobi alingoja. Hakuwahi kuyangoja maneno ya Chiriku. Siku zote yalikuja yenyewe, yakisukumana.

"Mume wangu hayupo," alisema Chiriku. "Tumeshamzika."

Simu ilikuwa ya kuazima, wengine walikuwa kwenye foleni, wakaagana.

Barabara ilipofunguliwa Dobi alisafiri, nusu ya njia kwa basi, nusu juu ya lori lililobeba mablanketi. Harufu ya mji aliikuta kabla ya mji wenyewe, tope na samaki na kitu kingine ambacho wote lorini walikinyamazia. Kwenye kuta palikuwa na mstari mmoja wa uchafu ulionyooka, juu kuliko milango. Watu walikuwa wametoa vitu vyao barabarani, makochi yaliyovimba, makabati, vitabu vya watoto vilivyoanikwa kwenye kamba kama nguo. Hakuna aliyelia. Walikuwa wakipiga koleo.

Alipita kwanza nyumbani kwao. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala chali na ndani mlikuwa na tope mpaka magotini. Akageuka. Ng'ambo ya barabara lile gofu la ghorofa lilikuwa limesimama imara, na kwenye sakafu yake ya juu palikuwa na watu wengi, mikeka imetandikwa, moto unafuka. Mwanamke mmoja wa mtaani, aliyemjua tangu usichana, alimwona na kumpungia kutoka juu. Alimpa pole ya shemeji yake. Kisha, maana ndilo jambo ambalo kila aliyekuwa pale alikuwa akilisema, akasema kwamba wao waliopanda pale wamepona wote, hata mgonjwa mmoja aliyebebwa pamoja na kitanda chake.

Dobi alimshukuru, akashika njia ya shule iliyo kwenye mwinuko nyuma ya posta, ambako waliokosa nyumba walikuwa wamehifadhiwa.

Mama yake alikuwa darasani, kwenye godoro chini ya ubao wa kuandikia, amezungukwa na wazee wenzake. Alimwona mwanawe mlangoni akanyoosha mikono yote miwili, na kabla Dobi hajakaa, alikwishaanza kumtambulisha.

"Huyu ndiye niliyewaambia. Huyu ndiye aliyetuona kutoka kule kote, akatupigia simu tutoke. Nyumba imeanguka ile. Tungekuwa ndani. Mungu alimpa macho mwanangu."

Wazee wakamtazama kwa heshima. Mmoja akamwombea baraka. Dobi akafungua kinywa.

"Mama, kuna jambo..."

"Dada, njoo unisaidie maji," alisema Chiriku.

Alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amekonda, na amevaa gauni la mtu mwingine, pana mabegani. Hakumkumbatia. Alitangulia mpaka mwisho wa varanda, penye ngazi za kushukia uwanjani, akakaa bila kugusa ndoo yoyote. Dobi akakaa ngazi ya chini yake. Watoto wawili walikuwa wanacheza na kifuniko cha sufuria, wakikibingirisha kwenye mchanga.

"Zile picha zilikuwa za asubuhi," alisema Dobi. "Daraja lilikuwa limeshakwenda. Iliandikwa pembeni, sikusoma."

"Najua. Tulipofika nilijua."

"Yeye alitaka kwenda kwa jirani. Mimi nikamkatalia."

"Na mama akasema twende," alisema Chiriku. "Wewe hukusikia. Tulipokuwa tunabishana alisema, kama mwanangu ameona, ameona, nibebeni twende. Mume wangu hakuwahi kumpinga mama. Hiyo hadithi anayoisimulia mle ndani, dada, ndiyo fimbo anayoegemea. Ukiitoa ataanguka. Mwache nayo."

Dobi alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na Chiriku alimwacha alie. Hakumpapasa mgongo, wala hakuondoka.

"Nilikuchukia," alisema baadaye, akiwatazama watoto. "Sitakuficha. Nilikuchukia kuliko maji. Kuna siku nimeamka sikuchukii, kisha mchana nakuchukia tena. Sijui itaisha lini."

"Nichukie mpaka uchoke, mdogo wangu. Nitakuwepo."

 Kifuniko kikabingirika mpaka miguuni kwao na mtoto mdogo akaja kukichukua, akamtazama mama yake mkubwa kwa haya, akarudi mbio.

"Ulitazama siku zote?" aliuliza Chiriku. "Kwenye televisheni?"

"Siku zote."

"Walionyesha barabara ya posta? Lile tingatinga la wakandarasi lililokuwa limeegeshwa pale?"

Dobi alifikiri. Alikuwa ameona mapaa na uwanja na soko, daraja mara elfu. Alisema hapana, hawakuonyesha.

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikumwona."

Chiriku akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akitumaini jambo na kuliogopa pia. Akavuta pindo la gauni lile la kuazima likafunika magoti. Alisema kwamba mama alikuwa amefumba macho muda wote, na watoto aliwageuzia uso ukutani, kwa hiyo aliyeona ni yeye peke yake, na tangu siku ile hajamsimulia mtu.

Kisha akasimulia. Alisema maji yaliwakuta karibu na posta, yakitoka mbele, walikokuwa wanaelekea. Umati uligeuka ghafla ukamsukuma yeye na watoto mpaka kwenye ngazi za posta, na mumewe, na mama mgongoni, akabaki upande wa pili wa barabara. Alimwona akimpandisha mama juu ya tingatinga, akimsukuma kwa bega, mpaka mama akaketi juu ya kibanda cha dereva. Maji yalikuwa kifuani mwake. Naye angeweza kupanda. Nafasi ilikuwepo, Chiriku aliiona kutoka dirisha la juu la posta, nafasi ya watu watatu. Lakini kulikuwa na mwanamke aliyeng'ang'ania nguzo ya kibao cha barabara, akashuka kumfuata. Akamleta. Akampandisha. Chiriku alipiga kelele kutoka dirishani, apande, basi, imetosha. "Sijui kama alisikia," alisema. "Alinitazama. Akaniinulia kiganja hivi, kama anavyofanya kazini akitaka nisubiri amalize." Kisha akashuka tena, kwa sababu palikuwa na mwingine.

Hapo alikatisha.  Dobi alikuwa amemgeukia mdogo wake mwili mzima, mikono juu ya magoti.

"Yule mwanamke yuko hai," alisema Chiriku. "Yuko darasa la tatu kule. Sijaenda kumwona. Twende wote?"

"Twende," alisema Dobi.

Hawakuinuka mara moja. Chiriku aliita watoto, wakaja na kifuniko chao, akawafuta mchanga miguuni mmoja baada ya mwingine, taratibu. Kisha akampa Dobi yule mdogo ambebe, wakashika varanda kuelekea madarasa ya mwisho.